Bibi hakulalamika

Bibi alikuwa amelala ubavu, uso kaelekeza dirishani, mkono mmoja umeshika tumbo chini ya kanga. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Mwanae wa kike kakaa pembeni kwenye ndoo iliyogeuzwa, wamekuja wote kutoka upande wa Sengerema, wamepita juu ya lile daraja la Kigongo-Busisi alfajiri kwenye hiace, safari ambayo zamani ungeanza kwa kusubiri kivuko na mgonjwa wako juani.

Mi sio nesi. Nafundisha Kiingereza na mawasiliano kwenye chuo kimoja cha uuguzi hapa Mwanza, na siku ile nilikuwa wodini kwa sababu mwalimu wao wa vitendo aliniomba nije nisikie wanafunzi wanavyotoa kesi kwa Kiingereza. Nikaenda na daftari langu.

Akaanza kijana mmoja wa mwaka wa pili. Alitoa kesi yake bila kukwama hata mara moja, "The patient complains of abdominal pain for three days, she denies vomiting," na mi nikaweka tiki kwenye daftari, nikajisikia vizuri kabisa, maana sentensi ile ni mimi niliyomfundisha, ubaoni, nikapiga mstari chini ya "complains of" nikawaambia darasa zima sio "about", ni "of".

Halafu mwalimu wa vitendo akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akamwambia, "Haya, sasa mwambie bibi ulichotuambia sisi."

Kijana akageuka. Akainama kidogo, kwa adabu zote, shikamoo alishatoa mapema.

"Bibi, nimewaambia kwamba unalalamika tumbo siku tatu, na umekana kutapika."

Bibi akamwangalia.

"Mjukuu wangu, mimi sijalalamika."

Wote kimya.

"Na sijakana kitu. Nani kasema nimelalamika?"

Mwanae akainuka kwenye ile ndoo, anasema hajalalamika jamani, mama yangu hana maneno, tunashukuru tunahudumiwa vizuri, huku anatuangalia mmoja mmoja usoni kama anatafuta mkubwa wetu ni nani amwombe radhi. Kijana akajaribu kurekebisha, akasema hapana bibi, nauliza tu, tumbo bado linauma? Bibi akasema haliumi. Limetulia.

Mkono ulikuwa bado umeshika tumbo.

## Wiki kadhaa na neno moja

Nilirudi nyumbani na ule mkono. Nimekaa kwenye daladala, dirisha limekwama nusu, nauona. Nachambua dagaa jioni, nauona. Yule mama alikuwa na maumivu tulipofika na tulipoondoka alikuwa nayo, tofauti ni kwamba tulipoondoka alikuwa ameamua kutoyasema tena, na kilichomfunga mdomo ni neno lililotoka kwenye ubao wangu.

Mwanzoni nilijitetea. Nikasema kosa ni la tafsiri, kijana angesema "unaumwa tumbo" na yote yasingetokea, basi wiki ijayo nawafundisha kutafsiri vizuri, tumemaliza.

Lakini fikiria kulalamika ni nini kwetu. Anayelalamika ni mtu asiyeridhika, kapewa na bado ananung'unika. Sasa wewe ni mgeni mjini, huna ndugu hapa, dripu inayoingia mkononi mwako kaitundika binti ambaye jina lake hulijui, usiku ukizidiwa ni yeye utakayemwita, halafu mbele ya watu kumi waliovaa meupe unaambiwa wewe umekuwa unalalamika. Ungesema nini? Na kukana ndo kabisa. Anayekana ni mtu aliyeshtakiwa. Mtoto anakana sukari, mtuhumiwa anakana kosa. Bibi aliulizwa umetapika akajibu hapana, tukaenda kuandika kwenye faili kwamba kakana.

Kwenye Kiingereza cha mafaili hayo maneno yamesuguliwa mpaka yamekuwa laini, nesi anaandika "denies" mara ishirini kwa zamu moja na wala halisikii. Ndo nilivyoamini. Mpaka usiku mmoja natafuta tafuta kwenye simu nikakutana na makala ya mwaka 2022 kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, madaktari wawili wa huko huko, Caitríona Cox na Zoë Fritz, wanasema maneno kama "complaint" na "deny" yanamshusha mgonjwa, yanamfanya aonekane mtu wa kulaumu au mtu wa kutiliwa shaka, na kwamba wakati umefika wa kuyaacha.

Niliisoma mara mbili nimesimama jikoni.

Yaani wenye lugha yao wenyewe wameanza kulisikia lile neno. Bibi wa Sengerema, ambaye Kiingereza hajui hata kidogo, alilisikia ndani ya sekunde moja. Na mimi niliyesomea hiyo lugha ndo nililiwekea tiki.

## Mgonjwa wa kufikirika

Inabidi niseme nilikuwa nafundisha nini kabla ya hapo, sio kwamba nilikuwa nimelala.

Kwenye mtaala wangu kuna mada ya kuhudumia watu wa tamaduni nyingine, na nilikuwa naipenda kuliko zote. Notisi zilijaa Madeleine Leininger, yule nesi wa Marekani aliyeenda kuishi na Wagadsup kule Papua New Guinea mwanzoni mwa miaka ya 1960 akarudi na hoja kwamba huwezi kumuuguza mtu vizuri kama hujui watu wake wanaelewaje ugonjwa na matunzo. Hoja nzuri mpaka leo. Na kwa mazoezi nilikuwa na mgonjwa wangu wa kufikirika, mzee wa Kiingereza, mtalii, katoka Serengeti akashuka Mwanza, kaanguka kwenye mawe akavunjika kiuno. Wanafunzi wanapokezana kumhudumia.

Tulijifunza mengi na yule mzee, siwezi kuyadharau. Tulijifunza kwamba ukimwambia "sorry" kwa maana ya pole anaweza kukujibu mbona wewe hujanikosea kitu, kwa sababu Kiingereza hakina neno moja la pole lile tunalompa mtu aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyetoka kazini na anayekata vitunguu. Kwamba "lala hapa" sio "sleep here", mzee hajaja kulala usingizi, anatakiwa ajinyooshe tu. Kwamba kwetu baridi na maumivu vinasikika lakini "I hear pain" hakuna atakayekuelewa. Kwamba "umepata choo?" ukiipeleka neno kwa neno unamuuliza kama kakiona chumba. Na mguu, huu mguu wetu mmoja mrefu kutoka nyonga mpaka vidole, wao wameukata vipande viwili, ukiandika kidonda kiko "on the leg" wakati kiko kwenye unyayo, wa zamu ijayo atakitafuta kwenye muundi.

Lakini kwa miaka yote hiyo mgonjwa wa utamaduni mwingine darasani kwangu alikuwa mzungu. Kila muhula. Bibi anayeongea Kisukuma nyumbani, Kiswahili cha sokoni, na Kiingereza hapana, hakuwahi kuingia kwenye zoezi hata moja.

Na wodi zetu zimejaa yeye.

Kuna Wakerewe wanaoshuka na meli kutoka Nansio, kuna Wajita, Wakurya kutoka Tarime, Wahaya wenzangu wanaofuata vipimo huku, Wazinza, wavuvi wa visiwani ambao mwezi huu wako huku mwezi ujao wako kwingine. Na wanafunzi wenyewe sasa, huyu katoka Tanga, huyu Songea, huyu kalelewa Dar, amefika Mwanza kaambiwa "mwadila" na mama wa miaka sabini kabaki anatabasamu hajui ajibu nini. Yule mtu wa kabila jingine na malezi mengine na lugha nyingine niliyekuwa nawaandaa kumpokea alikuwa yuko mbele yao tayari, kashika tumbo.

## Saa mbili ya nani

Baada ya lile la bibi nikaanza kusikiliza tofauti. Makosa niliyozoea kuyapiga mstari mwekundu yakawa yananisimamisha.

Tulikuwa tunafanya zoezi la kukabidhi zamu. Binti mmoja akasema dozi inayofuata ni "at two in the evening". Siku zote ningesema "eight", tuendelee. Safari hii nikasubiri, nikamwomba aeleze. Akasema madam, si saa mbili usiku, saa ya taarifa ya habari. Hiyo mbili iko mwilini mwake tangu mtoto, kitu anachokijua kama anavyojua giza linaingia. Kwenye faili ni 20:00. Kwenye simu ya ndugu wa mgonjwa imeandikwa 8:00. Mdomoni ni saa mbili. Dozi moja, namba tatu, na mtu wa kuzioanisha ni binti wa miaka ishirini na mbili ambaye kasimama tangu asubuhi. Akichanganya "eight" na saa nane, hilo ni pengo la masaa sita.

Mimi nilikuwa naliita kosa la msamiati.

Kijana mwingine akadakia akaleta la "kutwa mara tatu". Hili naomba nikae nalo kidogo. Ile bahasha ya dawa imeandikwa 1x3, nesi anasema kwa mdomo, moja kutwa mara tatu. Dawa nyingine makusudi yake ni kila baada ya masaa nane, usiku na mchana, isipungue mwilini. Lakini kutwa ni mchana, ni jua likiwa juu, ndo maana tunasema kutwa kucha, kucha ndo usiku. Kwa hiyo mama mwelewa, mtiifu, anayefuata maneno kama alivyoambiwa, anakunywa asubuhi, mchana, na jioni kabla jua halijazama, vidonge vitatu ndani ya masaa kumi na mbili, halafu usiku mzima hakuna kitu. Akirudi hajapona anaulizwa kwa ukali, ulikunywa dawa kweli wewe? Na alikunywa. Alikunywa kwa Kiswahili sahihi kuliko chetu.

Darasa lilinyamaza pale. Mmoja akasema taratibu, mama yangu anakunywa hivyo hivyo.

## Swali la mwanafunzi wa 1988

Kuna nesi mmoja Mmaori wa Nyuzilandi, Irihapeti Ramsden, alifariki 2003. Jina lake nilikuwa nalijua kwa juu juu, mstari mmoja kwenye notisi, baada ya Leininger. Wiki zile nikamrudia.

Ramsden alishughulika na kitu alichokiita usalama wa kitamaduni. Na jambo lenyewe lilipata jina kutokana na mwanafunzi. Mwaka 1988, kwenye mkutano wa wanafunzi na walimu wa uuguzi wa Kimaori, binti wa mwaka wa kwanza alisimama akauliza, mnatuambia habari za usalama wa kisheria, usalama wa kimaadili, usalama wa mgonjwa kwenye matibabu, je, usalama wa utamaduni wetu uko wapi? Swali likabaki. Mwaka 1992 Baraza la Uuguzi la nchi ile lilikuwa limeshalifanya hilo kuwa sharti kwenye mafunzo ya wauguzi.

Kilichonigonga kwa Ramsden ni sehemu moja. Kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa. Nesi hawezi kujipa alama mwenyewe, mwalimu naye hawezi kumpa. Na kwamba kazi ya kwanza ya nesi sio kukariri mila za makabila ya watu, huyu hali samaki, yule hapewi mkono, kazi ya kwanza ni ajitazame yeye, kavaa nini, anaongea lugha gani, ana nguvu gani juu ya huyu aliyelala.

Basi nikarudi kwenye daftari langu la siku ile. Tiki mbili. Matamshi mazuri, sarufi nzuri. Na mtahini mwenyewe alikuwa kitandani, alishatoa jibu lake, aligeukia dirisha.

Sitaki msomaji aelewe kwamba yule kijana alikosea. Yule kijana ni mpole, ni mmoja wa wanafunzi ambao ungetaka mama yako amkute. Alisema nilichomfundisha, kwa adabu aliyofundishwa kwao. Katikati ya hayo mawili hapakuwa na njia, na njia ilikuwa kazi yangu.

## "Madam, mtihani hauulizi Kisukuma"

Nikabadilisha zoezi. Kwanza mwanafunzi anatoa ripoti kwa Kiingereza kama kawaida, halafu papo hapo anamgeukia mgonjwa, mwenzake aliyejilaza mezani, anamwambia mambo yale yale kwa Kiswahili cha nyumbani bila neno la Kiingereza hata moja, na mgonjwa anaruhusiwa kukataa. Akisema sijaelewa au sio hivyo, unaanza upya. Tukaliita kurudi. "Nani anarudi leo?"

Wiki ya pili binti mmoja akanyoosha mkono. Naijua hali yao nyumbani, ada inalipwa kwa awamu na mama anayeuza samaki wa kukaanga pale Kirumba. Akasema madam, naomba niongee ukweli. Masomo ni Kiingereza, mtihani wa leseni ni Kiingereza, mtihani hauulizi Kisukuma wala Kiswahili cha nyumbani. Mimi nataka nimalize niende nje nimtoe mama kwenye moshi. Nifundishe Kiingereza.

Sikuwa na jibu. Nilisema asante, tutaongea, nikaendelea na kipindi huku sina nguvu.

Kwa sababu yuko sahihi. Baraza la Uuguzi la Uingereza linataka alama 7 ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika, na hizo alama hazipatikani kwa huruma. Kila dakika ninayotumia kwenye kurudi ni dakika nimeitoa kwenye kwenda. Mimi mshahara wangu unaingia. Ni rahisi kwangu kuguswa na mkono wa bibi halafu nikalipia huko kuguswa kwa muda wa mtoto wa mtu mwingine. Hilo lilinikosesha usingizi kuliko hata lile la kwanza, na mpaka leo sijalimaliza.

Nilichofanya ni kumtafutia kile anachokitaka. Kuna mtihani mwingine ambao Uingereza inaukubali, unaitwa OET, Kiingereza cha watu wa afya, ulianzia Australia. Sehemu ya kuzungumza ni maigizo mawili, unapewa dakika tatu kujiandaa, dakika tano kuongea na mtu anayeigiza mgonjwa. Nikamletea karatasi ya vigezo wanavyotumia kutoa alama, tukakaa nje chini ya mti, tukasoma pamoja. Matamshi yapo. Sarufi ipo. Halafu vingine: kujenga uhusiano na mgonjwa. Kuelewa mgonjwa mwenyewe anaionaje hali yake na kuizingatia. Kumpa maelezo hatua kwa hatua na kuangalia kama ameyapata.

Akasoma kimya. Akarudia kile cha pili kwa kidole.

"Kumbe wanataka nijue mgonjwa anawaza nini."

"Ndio."

"Hata huko?"

"Hata huko."

Akakunja karatasi akaitia mfukoni. Hakusema nimekubali, na sikumuuliza. Lakini Alhamisi alijilaza mezani awe mgonjwa, na alikuwa mgonjwa mgumu kuliko wote, alikataa mara nne.

## Ubao wa maumivu

Niwaambie kitu nilichokiona ambacho nadhani hata walimu wenzangu wa Kiingereza hawajakiangalia sana. Hawa watoto maradhi wameyajua kwa Kiingereza tu. Hawakuwahi kuwa nayo kwa Kiswahili halafu wakayatafsiri, hapana, neno la kwanza na la mwisho walilopewa ni la kitabuni. Ndo maana kurudi ni kugumu. Unamwambia arudi sehemu ambayo hajawahi kufika.

Tulikuwa na kesi ya kuigiza ya mvuvi mwenye kichocho cha tumbo, ugonjwa wa ziwa letu hili hili, vijidudu vinatoka kwenye konokono vinaingia kwa ngozi ukiwa majini, ukikaa nao miaka mingi bila kutibiwa ini linaharibika na "spleen" inavimba. Kijana alieleza yote kwa Kiingereza vizuri sana. Akamgeukia mvuvi. "Mzee, una... una..." Hakuwa na neno. Nikauliza darasa. Watu arobaini na kitu, wameichora spleen, wameijibia mtihani, hakuna jina. Mpaka binti mmoja wa Ukerewe, ambaye huwa haongei darasani kwa sababu Kiingereza chake anakionea aibu, akasema kutoka nyuma, bandama. Si bandama? Mwingine akasema kwetu tunaita wengu. Binti akaendelea, kule kisiwani mtoto tumbo likitokeza upande wa kushoto, bibi yangu anakwambia huyo bandama.

Kila mtu kageuka nyuma. Sijawahi kumwona binti yule amekaa wima vile.

Siku hiyo sikufundisha nilichopanga. Nikawapa chaki. Nikasema andikeni maumivu yote mnayoyajua, kama yanavyosemwa nyumbani. Ubao ukajaa: tumbo linakata, linasokota, linavuruga, linawaka moto, kichwa kinagonga, kinawanga, mgongo unavuta, mguu umekufa ganzi, kifua kimebana, kichomi, kiungulia, mwili umechoka kama umepigwa. Halafu ndo tukatafuta Kiingereza cha kila moja, na walikuwa wakali, hawakubali "pain" tu, wanataka lile hasa, kusokota sio kuchoma, daktari akisikia "cramping" anafikiria kitu kimoja akisikia "burning" anafikiria kingine. Walijifunza maneno mengi ya Kiingereza siku ile kuliko mwezi mzima wa notisi zangu, na walikuwa wanayavuta wao.

Kuna kile kipimo cha namba, sifuri mpaka kumi, unaumwa kiasi gani. Mmoja akasema alimuuliza babu mmoja wodini, babu akamjibu, namba ya nini mwanangu, hili linanizuia kulala. Wakabishana je, uandike nini hapo. Wengine walisema saba. Wengine nane. Yule binti wa samaki akasema andika alichosema, "the pain keeps him awake", namba weka ukishamuuliza tena kwa namna nyingine. Wodi imejaa, mko wawili kwa zamu, huo muda wa kumuuliza tena unatoka wapi? Mwingine aliuliza hivyo, kwa hasira kidogo, na ni swali la kweli. Kuna siku hautapatikana.

## Kitanda cha karibu na sinki

Bibi wa Sengerema sikumwona tena. Niliporudi kwenye wodi ile kitanda cha tatu kilikuwa na mama mwingine na mtoto mchanga, nikauliza, nikaambiwa bibi aliruhusiwa zamani. Mwanae, ndoo, kanga, vyote vimeondoka. Nilikuwa nimebeba maneno ya kumwambia ambayo nadhani nilikuwa nayahitaji mimi zaidi yake.

Wiki iliyopita nilikuwa wodini tena, wodi ya wanaume safari hii. Kijana yule yule. Mzee amekaa kitandani karibu na sinki, miguu imening'inia, mvuvi kwa mikono yake. Kijana akatoa kesi kwa Kiingereza. Hakusema "complains of". Alisema "he tells me", na mwalimu wa vitendo aliinua macho kidogo, sijui kama alipenda, mafaili bado yana mazoea yake na mtihani una ya kwake, hilo nalijua na tumeshaliongelea, darasani wanajifunza yote mawili.

Akamaliza. Hakusubiri kuambiwa. Akachuchumaa akawa chini ya macho ya mzee, sio juu.

"Mzee wangu, hawa nimewaambia ulichoniambia mimi asubuhi. Tumbo linasokota, limeanza siku tatu zilizopita, limekuanza ukiwa ziwani, chakula kinakaa lakini hakina ladha. Nisahihishe nilipokosea."

Mzee akawaza. Akahesabu kwa vidole, polepole, huku anaangalia dari.

"Siku nne," akasema. "Siku ya kwanza nilikuficha. Nilidhani mtanirudisha."

Kijana akasimama, akatoa peni.